Nukta moja, kundi la nukta au jicho: nani achague fokasi kwenye kamera yako?

Mwaka jana nilipiga picha za mazishi katika makaburi ya Lang'ata. Binti wa marehemu alitangulia mbele ya jeneza, amekumbatia kifuani picha ya babake iliyotiwa kwenye fremu ya mbao, akitembea taratibu juu ya udongo mwekundu. Kamera yangu nilikuwa nimeiachia itafute macho yenyewe, nayo ikayapata upesi: macho ya marehemu, ndani ya ile fremu, kama sentimita ishirini mbele ya uso wa binti. Nilipofika nyumbani na kufungua picha kwenye kompyuta, zote saba za msafara ule zilikuwa vivyo hivyo. Baba alionekana hadi unywele wa nyusi; mtoto aliyekuwa akilia nyuma yake alikuwa amefifia. Wiki iliyofuata aliniomba picha ile ya kutembea. Sikuwa na ya kumpa, na mazishi hayarudiwi.

Kamera ilikuwa nzima. Ilifanya nilichoiagiza: tafuta uso ulio karibu, shika jicho. Mpangilio ndio uliokuwa mbaya kwa kazi ile, na mimi ndiye niliyeuchagua. Ndiyo maana nawaandikia haya ninyi mnaopiga harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), mahafali, mechi na matatu hapa Nairobi, mkiwa na kamera yenu au mliyokodi mjini kwa siku mbili, na mkifungua menyu ya fokasi, yaani ya kuchagua sehemu ya picha itakayokuwa kali, mnakuta vipengele ishirini bila kujua kipi kinafaa nini.

Kijana ninayefanya naye kazi alinipa kamera yake majuzi tukiwa njiani kwenda kanisani akasema, "Dada, nimewasha nukta zote ili isikose." Alimaanisha vile visanduku vidogo unavyoviona ukichungulia, ambavyo kila kimoja kinaweza kushika fokasi. Wengi hufikiri hivyo. Lakini ukiwasha zote umempa mtu mwingine kazi ya kuchagua, na huyo mtu mwingine hamjui bibi harusi wala shangazi yake. Kwa hiyo katika kila ulinganisho ufuatao ninauliza jambo moja: kwa mpangilio huu, anayechagua ni nani, na anachagua kwa kigezo gani?

Fokasi hushika nini hasa

Hili nalipitia kwa sababu bila kulielewa, mipangilio yote itakuwa ya kubahatisha. Nukta ya fokasi hutafuta mahali mwanga na giza vinapokutana kwa mstari: ukingo wa kola nyeupe shingoni, fremu ya miwani, kope, ushanga, pindo la kilemba. Ukiiweka juu ya shavu laini au koti jeusi lisilo na mkunjo, lenzi itaenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia, hasa ukumbini taa zikipunguzwa kwa ajili ya dansi ya kwanza. Isogeze kidogo tu hadi kwenye kope au ukosi wa koti, na itashika.

Nukta hazilingani nguvu. Katika kamera za kioo, yaani zile zenye kioo ndani kinachopandisha taswira hadi kwenye dirisha la kuchungulia, kuna nukta zinazosoma mistari ya upande mmoja tu, na kuna zinazosoma iliyosimama na iliyolala pia. Hizi za pili huitwa nukta za msalaba, na ndizo za kutegemea gizani. Canon 2000D ina nukta 9, ya msalaba ni ile ya katikati peke yake. Nikon D3500 ina 11, na ya msalaba ni moja, katikati. Canon 6D, ambayo bado inafanya kazi harusi nyingi, ina 11 na ya katikati pekee ndiyo ya msalaba; hiyo moja huona gizani vizuri ajabu, lakini zile za pembeni huchoka mapema. Nikon D7500 ina 51, za msalaba 15 zikiwa zimekusanyika katikati. Canon 80D ina 45 na zote ni za msalaba. Kwa hiyo mtu wa 80D na mtu wa 6D hawawezi kupeana ushauri uleule hata wakipiga harusi moja.

Kamera zisizo na kioo husomea fokasi kwenye sensa yenyewe, yaani kile kipande kinachopokea picha, na nukta zake huenea karibu fremu nzima. Sony A7 III ya mwaka 2018 ina 693 zinazofunika takriban asilimia 93 ya picha. Raha iliyoje. Ila nukta hizo nyingi husoma mistari ya upande mmoja. Utaliona tatizo ukipiga mtu aliyejifunga kikoi chenye mistari ya kulala, au ukuta wa mabati huku kamera umeisimamisha wima: kisanduku kinatafuta na kutafuta. Iinamishe kamera kidogo, ishike, kisha uinyooshe.

Kuiachia kamera au kuchagua mwenyewe

Ukiweka eneo lote, liwe linaitwa Auto au Wide kwenye menyu yako, kamera za kioo kwa kawaida hupendelea kilicho karibu zaidi chenye mistari ya kushikika. Fikiria maharusi wakitoka mlangoni mwa kanisa. Kilicho karibu zaidi ni kikapu cha msichana wa maua, au mkono wa mjomba ulioinua simu, au maua yenyewe yakiwa hewani. Fikiria simba katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, amelala kwenye nyasi ndefu: kilicho karibu ni nyasi. Nimeona picha nyingi za nyasi kali kabisa na simba wa ukungu nyuma yake.

Kuna wakati kuiachia kamera ni uamuzi bora. Makorongo wale wakubwa wanaokaa kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo wakiruka juu ya barabara, nyuma yao ni mbingu tupu. Hapo hakuna kitu kingine cha kushika, na eneo pana litamfuata ndege kuliko mkono wako utakavyoweza. Mchezaji wa raga aliyechomoka peke yake kando ya mstari naye ni vilevile.

Sasa macho. Kamera za miaka ya karibuni hutambua uso na jicho, na Sony a6400 ilipotoka mwaka 2019, ufuatiliaji wa jicho ukiwa umeunganishwa na ufuatiliaji wa mwili, maisha ya wapiga picha wa watoto yalibadilika. Nikon Z6 ilipata utambuzi wa jicho mwaka huohuo kwa programu mpya iliyopakuliwa. Mtoto wa miaka mitatu anayekimbia kwenye bustani ya Arboretum hawezi kufuatwa kwa kusogeza nukta kwa kidole. Bibi harusi anayeingia peke yake na babake, nyuso mbili tu mbele yako, kamera inayoona macho itakupa picha nyingi kali kuliko mimi na nukta yangu. Hili nalisema bila kinyongo.

Lakini Nairobi ni mji wa nyuso zilizochorwa. Nganya, yaani matatu iliyorembwa, imebeba sura ya mwanamuziki ubavuni, mchezaji wa mpira mlangoni, na konda amening'inia katikati yao. Kamera inaona nyuso tatu, na ule wa konda, ulio kivulini na unaotikisika, ndio mgumu kushika kuliko zote. Mkutano wa kampeni una fulana elfu zenye uso wa mgombea. Kanga na vitambaa vya sherehe huwa na picha za watu. Mazishi yana fremu. Mahali popote penye uso uliochorwa au kuchapishwa, zima utambuzi wa jicho, au uuweke kwenye kitufe chake peke yake ili ufanye kazi pale tu unapokibonyeza. Hii ya pili ndiyo ninayotumia sasa. Nukta ndogo ndiyo msingi. Jicho naliita nikilihitaji.

Na kama nyuso ni nyingi, mfano wazee kumi wamekaa mstari wa mbele kwenye ruracio, jicho litaruka kutoka kwa huyu hadi kwa yule kadiri watu wanavyogeuza vichwa. Pale unayemtaka ni mzee mmoja anayezungumza. Mchague mwenyewe.

Nukta moja au kundi, na kundi la namna gani

Watu hulinganisha nukta moja na kundi kana kwamba makundi yote ni sawa. Yako ya aina mbili, na tofauti yake ndiyo jambo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine. Fikiria chama. Kuna chama chenye mwenyekiti na kuna chama ambacho kila mwanachama anaweza kuamua.

Chama chenye mwenyekiti: wewe unachagua nukta moja, na majirani zake wanne, wanane au zaidi wanasubiri. Mwenyekiti ndiye anayeshika. Akipoteza mtu kwa sekunde, majirani humsaidia kumrudisha. Nikon huuita Dynamic, Canon wana upanuzi wa nukta, Sony huuita Expand. Kigezo ni chako: ulichokilenga.

Chama kisicho na mwenyekiti: unachagua eneo, na ndani ya eneo hilo kamera inachukua kilicho karibu zaidi. Ndiyo Zone ya Canon na Sony, na ndiyo Group ya Nikon kwenye kamera kama D750 na D500. Kigezo ni cha kamera, ila umeiwekea mipaka.

Uchaguzi kati ya hivi viwili hutegemea kilichoko mbele ya mtu wako. Katika raga, mchezaji anapokujia uso kwa uso na mpira mkononi, yeye ndiye aliye karibu. Eneo lisilo na mwenyekiti hushika kifua chake au mpira haraka sana na halimwachi. Mara tu mchezo unapojazana, watu sita chini na wa saba akichomoa mpira nyuma yao, eneo lilelile litakupa goti la mtu asiyehusika. Hapo nataka mwenyekiti. Ukumbini wakati wa kukata keki, mishumaa na chupa ziko mbele ya maharusi: mwenyekiti tena. Konda mlangoni mwa nganya inayoondoka, mkono wake umenyoshwa kuelekea kwako: nukta moja yenye majirani wanne, juu ya kola yake, na kamera iwe kwenye fokasi ya kufuata, ile inayoendelea kumshika mtu anaposogea.

Nukta moja tupu, bila majirani, naiweka kwa vitu vilivyotulia na vyenye vizuizi mbele: simba kwenye nyasi, uso nyuma ya kioo cha gari, mshereheshaji nyuma ya maikrofoni. Kwa mtu anayetembea ni ngumu. Nukta ikiteleza kutoka jichoni hadi ukutani, kamera inaamini umebadilisha mawazo. Kwenye Sony, kisanduku kidogo kabisa, kile cha S, hukosa mistari ya kutosha taa zikiwa hafifu. Cha M hunifaa karibu kila mahali.

Katikati kisha ugeuze, au usogeze nukta

Hii ni hoja ya zamani baina ya wapiga picha, na pande zote mbili zina haki kutegemea umbali. Wengi wetu tulifundishwa kushika fokasi kwa nukta ya katikati, kubana kitufe nusu, kisha kugeuza kamera hadi picha ikae vizuri. Inafanya kazi, na kwa mwenye 6D gizani ndiyo njia pekee ya kuaminika. Tatizo ni kwamba bapa la ukali, yaani ule ukuta usioonekana ambao kilicho juu yake ndicho hutoka kali, hugeuka pamoja na kamera.

Tupige hesabu. Lenzi ya milimita 50 kwa f/1.8, yaani tundu lake likiwa wazi sana, kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, mtu yuko mita 1 kutoka kwako. Mbele na nyuma ya jicho una kama sentimita 2 za ukali kila upande. Ukigeuza digrii 15 ili uso ukae pembeni, bapa linaangukia takriban sentimita 3.4 nyuma ya jicho. Tayari umeshalipoteza, kilicho kali ni upande wa sikio. Lenzi yako haina kasoro, ingawa wengi huipeleka kwa fundi.

Sasa rudi nyuma hadi mita 3, lenzi ileile, f/1.8 ileile, digrii zilezile. Kosa linakua hadi sentimita 10, lakini ukali umepanuka hadi karibu sentimita 20 kila upande. Huoni kitu. Kwa hiyo picha ya mwili mzima Karura, geuza bila wasiwasi. Picha ya uso wa karibu, bibi harusi akipakwa wanja, sogeza nukta hadi jichoni hata kama itakuchukua sekunde mbili, au funga tundu la lenzi hadi f/4 ukubali mwanga kupungua.

Kuna kizuizi ambacho hakihesabiki kwa digrii. Kwenye kamera za kioo zenye sensa kubwa, kama D750, nukta zote 51 zimejazana katikati. Hata ukisogeza hadi ya mwisho pembeni haifiki uso ulioko karibu na ukingo wa fremu. Utasogeza, kisha utageuza kidogo. Ukigeuza digrii 5 badala ya 15, kosa huwa chini ya nusu sentimita kwa mita 1. Mchanganyiko huo haukukosei.

Zote 51 au 11 tu

Hapa najua nitapingwa: punguza nukta zinazochagulika. Nikon nyingi zina kipengele hiki kwenye menyu ya mipangilio maalumu. D7500 na D750 hukuruhusu 51 au 11, D5600 hukupa 39 au 11. Canon 5D Mark III yenye nukta 61 hukuruhusu kubakiza 15, au 9, au zile za msalaba peke yake.

Faida ya zote ni kuiweka nukta mahali hasa unapotaka. Faida ya chache ni kufika. Kutoka katikati hadi pembeni kwa nukta 51 kidole gumba kinabonyeza mara nyingi. Kwa 11 kinabonyeza mara mbili tatu. Na ulichopoteza ni uwezo wa kuchagua tu: ukitumia chama chenye mwenyekiti katika fokasi ya kufuata, majirani uliowaficha bado wanafanya kazi chinichini. Harusi hubadilika haraka. Baba anafuta chozi mara moja.

Mpiga picha za bidhaa mwenye kamera kwenye miguu mitatu, anayelenga herufi ya chupa, abaki na zote. Mwenye kamera isiyo na kioo yenye joistiki au anayeburuta kidole kwenye skrini naye hana haja ya kupunguza sana. Canon EOS R ina nafasi 5,655 za kuweka nukta, na hakuna mtu anayezihesabu, anateleza tu.

Nikifikiria hesabu hizi humkumbuka Priya Ramrakha, mpiga picha wa habari mzaliwa wa Nairobi, aliyeuawa kwenye vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968 akiwa na kamera kazini. Kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi yenye fokasi ya kujiendesha, Konica C35 AF, ilitoka mwaka 1977. Kila uso alioupiga aliufikia kwa kuzungusha pete ya lenzi. Alikuwa na nukta sifuri, na alijua anayemtaka.

Mawili madogo ya kando. La kwanza, kuna kipengele cha kuifanya nukta izunguke: ukifika ukingo wa kulia, inatokea kushoto. Wengine hukipenda. Mimi nimekizima, kwa sababu nataka ukingo uwe ukuta ambao kidole kinaweza kuuegemea bila kuangalia. La pili ni zito zaidi: kamera kama Canon 80D na 5D Mark III, Nikon D500 na Sony A7 III zinaweza kukumbuka nukta moja kwa picha ya kulala na nyingine kwa picha ya wima. Ukipiga watu, kiwashe. Unainua kamera wima na nukta tayari iko juu, usoni.

Kitufe cha kupigia au kidole gumba

Kwa kawaida kubana nusu kitufe cha kupigia kunashika fokasi. Unaweza kuhamishia kazi hiyo kwenye kitufe cha nyuma, chini ya kidole gumba, na kile cha mbele kikabaki kupiga tu. Hata D3500 inakubali: kitufe cha AE-L/AF-L unakipa kazi ya AF-ON, yaani kuwasha fokasi. Kwenye Canon ndogo, kitufe cha nyota hufanya hivyo kupitia menyu ya kazi maalumu. Kwenye Sony unazima fokasi ya kitufe cha kupigia, kisha unachagua kitufe kingine.

Faida yake inagusa moja kwa moja swali letu. Kamera ikikaa kwenye fokasi ya kufuata siku nzima (menyu huiita AF-C au AI Servo), kidole gumba kikibana inafuata, kikiachia inasimama. Kwa hiyo unaweza kushika kwa nukta ya katikati, kuachia, kugeuza na kupiga, halafu sekunde inayofuata kumfuata mtoto anayekimbia, bila kubadilisha chochote kwenye menyu. Ukitumia kitufe cha mbele kwa fokasi ya kufuata, ukigeuza tu, nukta inahamia ukutani.

Hasara ni ya kibinadamu. Ukimpa mjomba kamera akupige ukiwa na familia, atabonyeza na hakuna kitakachoshika. Na ukirudisha kamera ya kukodi bila kurejesha mpangilio, atakayefuata atadhani imekufa. Nampa anayeanza ushauri huu: ujifunze kwa wiki mbili nyumbani na mtaani, usianze siku ya harusi.

Pia angalia kipengele cha kipaumbele, kinachoamua kama kamera ipige mara moja au ingoje hadi fokasi ishike. Kwa fokasi ya kufuata, Nikon huja ikiwa imepangwa kupiga hata kama haijashika. Sony huja ikiwa na usawa kati ya kupiga na kushika. Ukiona picha ya kwanza ya kila mfululizo ina ukungu, shaka hapo kwanza.

Ushikilie au uachie upesi

Refa akipita mbele ya mchezaji wako, kamera imfuate refa au isubiri? Kipengele hiki kipo kwa kila kampuni, ila namba zinapishana, na mwenye kukodi leo Nikon kesho Sony ataumia. Kwenye Nikon, 5 ni kushikilia kwa muda mrefu. Kwenye Sony, 5 ni kuitikia upesi, na 1 ndiyo kushikilia. Kwenye Canon, upande wa kutoa hushikilia na upande wa kujumlisha huachia. Kwa raga na harusi, penye watu wanaokatiza, nashikilia kidogo kuliko kawaida. Kwa ndege wanaotokea ghafla, naachia upesi.

Ningekuwa na kamera yako

Ukiwa na D3500 au 2000D, usijisumbue na nukta za pembeni ndani ya ukumbi. Katikati, nukta moja, kidole gumba, na f/4 ukiwa karibu. Nje mchana za pembeni zitafanya kazi.

Ukiwa na 5D Mark III, 80D, D750 au D7500: mwenyekiti na majirani, nukta chache zinazochagulika, nukta ya wima ikumbukwe pale kamera inaporuhusu. D750 na D7500 zina U1 na U2 kwenye gurudumu la juu; hifadhi mpangilio wa kanisani kwenye moja na wa nje kwenye nyingine. Jua hapa huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na giza haliombi ruhusa, kwa hiyo usiwe unatafuta menyu saa hiyo.

Ukiwa na kamera isiyo na kioo yenye macho, usiikatae nguvu hiyo. Msingi uwe kisanduku cha M chenye majirani, jicho liwe kwenye kitufe kilicho karibu na kidole gumba. Kwa mtu mmoja au wawili, bonyeza jicho. Kwa umati, fremu, fulana na michoro, liachie.

Kabla ya kazi yako inayofuata, nenda kwenye steji ya matatu na kamera hiyo, tuseme barabara ya Tom Mboya jioni, nganya zikijaza abiria. Omba ruhusa kwa konda, wengi hupenda kupigwa. Msimamishe mlangoni, kando ya sura iliyochorwa, mpige kwanza ukiwa umeiachia kamera, kisha kwa eneo, kisha kwa nukta yenye majirani juu ya kola yake. Kuza kila picha hapohapo kwenye skrini, na umwonyeshe.